Taa ya Mnarani

Jumatatu, 7 Agosti 1933
Kiongozi wa nchi hajakanyaga ngome yake hii ya mapumziko tangu Pasaka. Mimi Learco, mlinzi wake, nimebaki na popo na njaa. Jioni nimebadilisha globu ya taa ya mnarani, ile inayowashwa akiwapo yeye tu, nikaijaribu kidogo. Sijamaliza kushuka ngazi, Meya Amilcare, kaiona taa toka kijijini, huyo langoni! Shati jeusi la chama, jasho, na paja zima la nguruwe lililokaushwa. Akauliza kama Kiongozi anaweza kusumbuliwa. Nikasema amepumzika. Si uongo. Huko Roma lazima alikuwa amepumzika.

Jumatano, 9 Agosti
Nimewasha tena. Jogoo wawili, jibini, divai! Mke wangu Desolina ananuna huku akitafuna. Anasema tukifukuzwa humu ngomeni tutarudi kwa mama yake, na mimi nitalala na bata. Wanawake! Gaudenzio, mtunza bustani, kaniuliza ni Kiongozi gani huyu anayekuja bila gari wala askari. Anaitaka kazi yangu, mnafiki yule. Nimemziba mdomo kwa nusu ya paja. Inaniuma mpaka sasa.

Ijumaa, 11 Agosti
Bendi imekuja chini ya ukuta! Kijiji kizima kinataka kumwona. Ningefanyaje? Nikavaa koti lake, nikasimama nyuma ya pazia, nikainua mkono. Meya akabubujikwa na machozi. Mjane Argia akapaza sauti: “Jamani, kanenepa huyo, Mungu ambariki!” Nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Jumapili, 13 Agosti
Balaa! Simu imelia: Kiongozi yuko njiani, wa kweli. Nikakimbilia mnarani. Globu, pu! Imeungua, na nyingine sina. Akapita kijijini jioni, wanaume wamekaa na fulana wakicheza karata, hakuna aliyesimama, maana taa haikuwaka. Meya akaja mbio na kandambili zake, akijitetea kwamba Ijumaa alikwisha kumshangilia hapo dirishani, na paja alileta. Kiongozi akauliza paja gani. Wote wakanigeukia. Gaudenzio alinitazama kwa huruma, funguo zangu tayari mkononi mwake.

Jumamosi, 19 Agosti
Kwa mama mkwe. Bata hawanyamazi. Nimemwambia Desolina kwamba nimejifunza: kosa lilikuwa globu. Leo nimepata kazi kwenye nyumba ya Askofu kule kilimani. Akiwapo, hupandishwa bendera ya njano. Mwenyewe yuko Roma hadi Oktoba. Na bendera haiungui! Nimemwagiza Desolina atafute sufuria kubwa.