Nilivyosugua Miwani Mpya kwa Jivu

Leo nimejivua nguo mbele ya kanisa zima, na suti nilikuwa nimevaa.

Nawaandikia mapema kabla picha haijawafikia. Najua itawafikia. Huku Tukuyu mvua na picha za simu hazipigi hodi. Heri mnisikie mimi kwanza.

Mnanijua. Shule niliishia la nne. Nikawa utingo wa lori la majani ya chai, nikalala juu ya viroba, nikajifunza gereji kwa kutukanwa na mafundi, leo nina Fuso mbili. Hakuna aliyenishika mkono. Sisemi hivyo kujisifu (najisifu, ndiyo). Nasema ili mjue kwamba mimi si mtu wa kudanganywa kuhusu mafuta. Likumbukeni hilo neno, mafuta.

Sasa kuna Mzee Ambakisye. Ni rika langu, ni mzee wa kanisa kama mimi, na migomba yetu imepakana. Fuso hana. Hata pikipiki hana. Anatembea kwa miguu, na akipita njiani akina mama wanaacha kupalilia ili wamsalimie. Ugonile, Ambakisye! Ndaga, Ambakisye! Mimi nikipita na Fuso wanasogeza mbuzi tu. Ana nini yule mtu? Meno yake mwenyewe, basi.

Mwaka jana wazee wa kanisa tulipigwa picha, ikatundikwa ukumbini. Ambakisye alikuwa na miwani, na mimi nilikuwa na miwani. Kwenye picha, macho ya Ambakisye yanaonekana vizuri, mpaka unajua alikuwa anataka kucheka. Mimi je? Mahali pa macho pana vioo viwili vyeupe pee. Mke wangu, Mama Lusajo, alisimama mbele ya ile picha, akaitazama, akasema mbele ya wenzake:

"Ambakisye anakuangalia kabisa. Wewe umekuwa kama Fuso imewasha taa mchana."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Tangu siku ile sijaingia ukumbini bila kugeuza shingo upande wa pili.

Majuzi likatoka tangazo. Ukumbi umepakwa rangi, picha ya zamani inashuka, mpya inapigwa leo baada ya ibada, na hiyo ndiyo itakaa. Mchungaji alisema "kwa vizazi." Vizazi! Nikawawaza wajukuu ambao hata hawajazaliwa, wanaingia pale wanauliza: huyu mwenye macho mazuri ni nani? Wanajibiwa, Mzee Ambakisye. Na hii taa? Babu yenu. Nikasema haiwezekani.

Nikampigia mwanangu Lusajo, yuko Mbeya mjini.

"Nataka miwani kama ya Ambakisye."

"Baba, miwani haifanani kama mashati. Inaenda na macho ya mtu."

"Vipimo vyangu unavyo. Waulize ile ambayo macho yanaonekana kwenye picha."

Akauliza, akapata. Jana ikaja na basi, ndani ya kiboksi kigumu, pamoja na kitambaa kidogo laini. (Kitambaa nikampa mke wangu afutie simu.)

Leo asubuhi nikaivaa. Safi! Nikauona mlima Rungwe mpaka miti yake. Nikaivua niitazame vizuri. Nikaigeuzia dirishani. Ee Kyala, Mungu wangu! Kioo kina zambarau. Nikakiinamisha kidogo, kijani. Nikakiinua, zambarau tena. Marangi hayo nayajua kuliko jina langu. Ndiyo yanayoelea kwenye dimbwi la gereji mvua ikinyesha, tone moja la dizeli likidondoka na kutambaa. Nikajua kilichotokea. Kuna fundi wa miwani huko mjini amekula chipsi kavukavu kwa mkono, halafu akashika kioo changu.

"Mama Lusajo! Wameniuzia miwani yenye mafuta!"

"Labda ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo nini? Mafuta ni mafuta."

Nikaiosha kwa sabuni ya unga. Rangi haikutoka. Maji ya moto. Haikutoka. Mafuta ya aina gani haya? Basi nikaenda jikoni nikachota jivu kwa kitambaa kikuukuu. Ninyi watoto wa sabuni za maji hamjui. Jivu ndilo lililotakatisha sufuria za mama yangu mpaka unanyolea ndevu mbele yake.

Mke wangu akasimama mlangoni. "Baba Lusajo, hicho ni kioo, si sufuria."

"Na mimi si mtoto. Nipishe mwanga."

Nikasugua. Nikatema mate kidogo, nikasugua tena. Yakaanza kutoka! Zambarau ikameguka vipande vipande kama rangi ya mlango mkuukuu. Nilipata raha ya mtu anayeng'oa gugu likatoka na mzizi. Kitambaa cha jivu nikakikunja, nikakitia kwenye mfuko wa koti, isije ikawa mafuta yamejificha yakarudi.

Njiani nikaona ukungu umeshuka. Tukuyu hiyo, si ajabu. Nikaingia kanisani, ukungu ukaingia na mimi. (Hapo mtu aliyemaliza la saba angejiuliza.) Nikaitazama kwaya, nikaona imeongezeka watu, nikamshukuru Mungu.

Ibada ikaisha. Tukapangwa mbele ya ukumbi, wazee wote, wingu jeupe juu yetu kama shuka. Mpigapicha ni kijana anaitwa Gwamaka, ana kamera kubwa ya kuning'iniza shingoni. Akina mama wamesimama pembeni kutazama, kwa sababu akina mama hawana kwao siku kama hiyo. Na mimi nimewekwa ubavuni kwa nani? Kwa Ambakisye.

Nikamsogelea nimtazame miwani. Karibu kabisa. (Kwa mbali nilikuwa simwoni.) Zambarau! Akageuka kidogo. Kijani!

Ndugu zangu, sijapata furaha kama ile tangu ninunue Fuso ya kwanza. Msafi wa watu, Ambakisye wa ndaga-ndaga, kumbe mwaka mzima anatembea na mafuta usoni na hakuna aliyemwambia! Nikaona nisimwambie kwa kunong'ona. Jambo jema husemwa kwa sauti.

"Ndugu yangu Ambakisye, utanisamehe, lakini mimi sifichi. Miwani yako chafu. Ina mafuta."

Watu wote wakatugeukia. Utamu!

"Mafuta?" Ambakisye akasema. "Mbona nimeifuta asubuhi."

"Umeifuta na nini?"

"Na kile kitambaa chake."

"Ndiyo maana! Tulia nikusaidie."

Nikachomoa kitambaa changu cha jivu mfukoni. Nikanyoosha mkono usoni kwake, taratibu, kama baba anayemfuta mtoto kamasi.

"Tata, usiguse!"

Alikuwa Sekela, binti wa Ambakisye. Ananiita tata, yaani baba, huku ananikemea. Anafanya kazi kwenye kliniki ya macho. (Ndiyo, ana binti wa macho. Yule mtu hakosi kitu.) Akaja mbio na viatu vyake virefu, akasimama kati yetu.

"Tata, hayo si mafuta. Ni tabaka wamelipaka makusudi, jembamba kama utando wa povu la sabuni."

"La kazi gani?"

"La kuzuia kioo kisimeremete. Mwanga ukifika hapa, mwingine unadunda juu ya tabaka, mwingine unapenya kwanza halafu unadunda chini yake. Sasa ikirudi miwili inakutana, na ule wa chini umechelewa kidogo. Wimbi la huyu linapanda, la yule linashuka. Yanafutana."

"Mwanga ukikutana na mwanga kunakuwa giza?"

"Ndiyo, tata."

"Binti, mimi nimeendesha Fuso usiku maisha yangu yote, taa mbili. Sijaona giza hata siku moja."

Watu wakacheka. Nikadhani wanacheka na mimi. Sekela hakucheka, alijibu kwa adabu, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Taa mbili kila moja ina mwanga wake, hazijapatana. Huu ni mwanga mmoja umegawanyika. Ni kama mmeshika kamba wawili, huku na huku. Wewe ukirusha wimbi la juu na mwenzako la chini, yakikutana katikati kamba inatulia. Ndiyo maana miwani ya baba haiwaki kwenye picha, macho yanaonekana. Ila tabaka haliwezi kuzifuta rangi zote sawasawa. Zinazobaki kidogo ndizo hiyo zambarau na kijani."

"Basi ni kama dizeli kwenye dimbwi," nikasema. Sikubali kushindwa upesi.

"Hapo umepatia kabisa, tata! Dizeli nayo ni tabaka juu ya maji. Mchezo ni uleule wa mawimbi."

Nikageuka nikawatazama watu. Mmesikia? Nimepatia kabisa. La nne hilo!

Halafu Sekela akaitazama miwani yangu. Akasogea. Akainamisha kichwa huku, akainamisha kule.

"Na yako, tata... haikuwa na rangi?"

"Ilikuwa nayo. Nimeitoa."

"Umeitoa? Na nini?"

Kitambaa bado kilikuwa mkononi mwangu. Kikafunguka chenyewe. Jivu likamwagika juu ya kiatu changu cheusi nilichokipiga dawa asubuhi.

"Jivu," akasema Mama Lusajo kutoka kwa akina mama. (Hakuna aliyemuuliza!)

Sitaki kuwaelezea kicheko kile. Bibi mmoja alikaa chini kwenye majani. Mchungaji akatupa mgongo akakohoa, kikohozi cha mtu asiye na mafua. Yaani kile nilichokihusudu mwaka mzima, mwanangu akakinunua, nikakipokea kwa mikono miwili, nikakisugua mpaka kikaisha, halafu nikaja kumsugulia na mwenzangu!

Gwamaka akachungulia kwenye kamera. "Babu, kwa miwani hiyo nakupata ukungu mtupu, mabakamabaka. Ivue tu."

Niivue? Vizazi vimwone Ambakisye na miwani kama msomi, na mimi macho matupu kama kuku aliyenyeshewa? Nikakataa. Nikasema napigwa hivihivi. Gwamaka akasema picha itaharibika. Nikasema iharibike.

Hapo ndipo Ambakisye aliponimaliza. Angenicheka ningemsamehe. Yeye akavua miwani yake, akaipangusa kwa kile kitambaa laini, akanipa.

"Vaa yangu, ndugu yangu. Mimi nitakaa bila."

Mwaona unyama huo? Mbele ya mchungaji! Akina mama wakafanya "Aaah," ile aaah ndefu ya harusini. Ningefanyaje? Nikaivaa.

Vipimo vyake si vyangu. Ardhi ikainuka. Gwamaka akawa wawili, mmoja amembeba mwenzake. Nikakaza shingo, nikajisemea: tazama mbele tu, mtu mzima, tazama mbele, macho yanaonekana leo.

"Moja!" Gwamaka akaita.

Nikatazama mbele.

"Mbili!"

Mama mmoja akapaza sauti: "Jamani! Kumbe Mzee Ambakisye bila miwani ni kijana hivi!"

Nikasema sigeuki. Wallahi... samahani, nilikuwa kanisani. Nikasema sigeuki. Shingo sikuigeuza hata kidogo. Macho yalikwenda yenyewe.

"Tatu!"

Akabonyeza. Na papo hapo mvua ikashuka kutoka upande wa mlimani, ile yetu isiyoanza na manyunyu, inaanza katikati. Wazee wakakimbia, viti vikaanguka, Gwamaka akaificha kamera ndani ya shati. Hakuna picha ya pili. Ni moja ile ile.

Jioni hii mchungaji ameituma kwenye kundi la kanisa. Ameandika: "Imetoka vizuri, tutaitundika hii." Na kweli imetoka vizuri. Wazee wote wanatazama mbele. Ambakisye anatabasamu, kijana kabisa, simsemi. Na mimi, ndugu zangu, macho yangu yanaonekana mpaka kope, hakuna taa, hakuna ukungu, kioo kama hakipo. Yanaonekana yote mawili. Na yote mawili yamemkodolea Ambakisye kwa kando, kama paka aliyeona mwenzake anapewa nyama.

Mama Lusajo ameikuza kwenye simu, akaifuta simu kwa kile kitambaa laini, akaikuza tena.

"Sasa unaonekana, Baba Lusajo," amesema. "Unaonekana kabisa."

Miwani ya watu nimeirudisha, na mkungu wa ndizi juu yake. Ambakisye amesema ndaga, yaani asante. Sekela amesema kioo changu hakitibiki, na kwamba nyingine ikija nisiisogeze karibu na jiko. Sasa naandika haya na miwani yangu ya zamani, mguu mmoja umefungwa waya wa Fuso. Haina zambarau, haina kijani. Inamulika kama kawaida.

Ombi langu ni moja. Mkipita ukumbini, na watoto wakiwauliza mzee huyu alikuwa anatazama nini, waambieni alikuwa wa kwanza kuiona mvua.