Tiketi Mia Nne za Lenny Dussault

Jumatatu ile redio ya baa ya Stas ilitangaza kwamba mechi ya Jumapili imefungiwa. Zimebaki tiketi mia nne na kitu, na zisipouzwa zote kufikia Alhamisi saa saba mchana, basi hakuna televisheni ya Buffalo wala ya miji jirani itakayoonyesha mpira. Kanuni yao ndiyo hiyo. Uwanja usipojaa, na nyumbani hamuoni.

Wanaume wa pale wakawalaani wenye timu, wakailaani theluji, wakaagiza bia nyingine. Kwenda uwanjani wenyewe? Kwa baridi hii? Walichotaka ni viti vijazwe na watu wengine, wao wajilaze kwenye makochi na soksi zao mbili mbili.

"Si atokee mtu azinunue tu, yaishe!" alisema Ronnie Pachucki, baba mzima mwenye mtoto mchanga nyumbani.

Pembeni alikuwa amekaa Lenny Dussault, mgeni wa wiki mbili mjini, mwenye meno meupe na sauti laini kama siagi ya moto. Alisikia maneno yale jinsi paka anavyosikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa.

"Jamaa zangu," alisema, akiweka mkono kifuani, "na huyo mtu tukiwa ni sisi?"

Akawaeleza. Kila mmoja atoe chochote, Kamati ya Kuokoa Jumapili inunue tiketi zote, uwanja uhesabiwe umejaa, televisheni ifunguliwe. Katibu wa kamati ni yeye Lenny. Mweka hazina pia ni yeye, kwa kujitolea.

"Na tiketi zenyewe?" Stas aliuliza.

"Tutawapa mayatima."

Basi! Watu wazima wakafuta macho kwa mikono ya makoti. Hakuna aliyeuliza ni mayatima gani, wa wapi, na kwa nini wao wapelekwe kukaa kwenye theluji. Ukitaka kumwibia mtu mchoyo, mpe nafasi ya kujiona mwema bila kuinuka kwenye kiti.

Kufikia Jumatano asubuhi Lenny alikuwa amepita baa zote za mtaa ule wa Kaisertown, na mfuko wake umevimba kama shavu lenye jino bovu.

Sasa, mama yake Ronnie, Dolores, alikuwa mpishi jikoni kwa Stas. Nyumbani kwao hita kubwa ilikuwa imekufa, na mjukuu wake alikuwa akikohoa usiku na mchana. Alikuwa amempa Ronnie hela ampelekee fundi.

"Ronnie, mbona fundi hajaja?"

"Mama, nilichangia kidogo kwenye kamati."

"Kidogo kiasi gani?"

"Yote. Lakini Jumapili tutaona mpira!"

"Tutauona tukiwa tumeganda kama samaki wa Stas? Mwanao anakohoa, umemsikia?"

"Lenny anasema..."

"Lenny anasema! Umemtazama miguuni huyo Lenny?"

Ronnie hakuwa amemtazama. Dolores alikuwa ameona. Lenny alivaa viatu vya ngozi nyembamba, vya kwenda dansi. Anayekusudia kuuona mwezi wa Desemba hapa Buffalo hununua mabuti kabla hajanunua mkate. Huyu hakukusudia kumaliza wiki. Lakini ungemwambia nani? Kila mwanaume pale alishamwona mtakatifu.

Dolores akajaza sahani pierogi za moto, vile vitumbua vya Kipolandi vyenye viazi ndani, akampelekea Lenny mezani.

"Bwana Dussault, mimi mtu wa jikoni tu, nisamehe nikikosea. Nina binamu Ohio, anafanya kazi ofisi ya kiwanda cha matairi. Bosi wao anataka kuwaleta wafanyakazi kwa mabasi Jumapili, waje kuishangilia timu yao. Wanatafuta tiketi mia nne. Watalipa mara tatu, taslimu, pale pale getini."

Lenny akaacha kutafuna. "Na kwa nini unaniambia mimi, mama?"

"Maana wewe ndiye utakayekuwa nazo." Akashusha sauti. "Ila binamu yangu ana roho mbaya. Hamtaji mtu kwa bosi mpaka aone kitu mkononi."

Hapo ndipo Lenny alipoamini. Habari ya mara tatu ilikuwa imemtia shaka, lakini habari ya hongo ilimtuliza kabisa, akajiona yuko nyumbani miongoni mwa ndugu.

"Anataka kiasi gani?"

Dolores akataja bei ya fundi wa hita, dola kwa dola.

"Mama, hiyo ni nyingi! Punguza."

"Haya, acha. Nitamwambia padri, pengine parokia itazinunua."

"Kaa, mama, kaa! Mbona hasira?"

Alhamisi asubuhi fundi alikuwa ameshuka chini ya nyumba ya akina Pachucki na spana zake. Lenny naye alikuwa kwenye dirisha la tiketi. Hela zilipungua, maana zile za hongo zilikuwa zimetoka, kwa hiyo akauza gari lake, lile lile alilotaka kutoroka nalo. Aliona si kitu. Jumapili angenunua jipya.

Saa saba redio ikatangaza: tiketi zimekwisha, mechi itaonyeshwa. Baa ikalipuka. Walimbeba Lenny mabegani, wakamgonga kichwa kwenye taa. "Shujaa!" walipiga kelele. Ndiye tapeli wa kwanza ninayemjua aliyetimiza ahadi, na aliitimiza bila kujua.

Jumapili theluji iliteremka kama mito ya manyoya iliyopasuliwa. Lenny alisimama getini na viatu vyake vya dansi, akiyangoja mabasi. Hata moja halikuja. Akamkimbilia mzee mmoja aliyekuwa akizoa theluji mbele ya nyumba yake.

"Mzee, tiketi! Nusu bei! Haya, robo!"

"Ya nini, kaka? Mpira si uko kwenye televisheni?" Mzee akamkazia macho. "Ebo! Si wewe Lenny uliyetufungulia? Mungu akuzidishie!" Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kwa akina Pachucki hita ilikuwa ikinguruma na mtoto amelala bila kikohozi. Timu ilikuwa inachapwa vibaya. Kamera ikahama kutoka uwanjani kwa aibu, ikaonyesha jukwaa zima tupu, jeupe, na katikati yake mtu mmoja amekaa peke yake, theluji imemjaa kichwani, amekumbatia miguu.

"Mama! Ni Lenny!" Ronnie akaruka. "Viti vyote vile, yeye tu! Huyo ndiye shabiki wa kweli!"

Dolores alimfunika mjukuu wake vizuri.

"Tena wiki ijayo nasikia itafungiwa," Ronnie akaendelea, macho kwenye televisheni. "Sijui atachangisha tena? Mama, una chochote?"