Nakala ya Pekee Iliyonuka Siki

Jumatatu, 3 Agosti 1998
Ushindi! Ninayo nakala ya pekee ya filamu ya komedi ya 1934 ambayo hapa mjini Tábor wameisahau. Mwokaji anatumbukia kwenye pipa la unga, muuza mikate anacheka, nawe unashika mbavu pamoja na watu waliokufa zamani. Utamu gani kama huo? Aliyeigiza muuza mikate ni Bi Růžena wa mtaani kwetu. Sasa ana miaka themanini na mitatu, macho yanafifia, na anaomba ajione mara moja tu. Pešek, katibu wa klabu yetu ya sinema, anataka ikanakiliwe kwanza. Thubutu! Asifiwe yeye? Nimeificha stoo ya chini. Jumamosi nitaionyesha mwenyewe.

Jumatano, 5 Agosti
Stoo inanuka siki. Nimemgombeza mke wangu Drahomíra kwa kutofunga vizuri chupa zake za matango ya siki. Kaapa kazifunga zote. Nikamwambia pua haidanganyi. "Basi kafunge kwa pua yako, baba wee!" Nimefunga upya chupa arobaini. Mgongo wangu! Harufu iko palepale.

Ijumaa, 7 Agosti
Pešek kaja, kanusa, kageuka rangi. Eti filamu ikioza hunuka siki. Wivu mtupu! Nimempa chupa ya matango aondoke.

Jumamosi, 8 Agosti
Ukumbi umejaa. Bi Růžena mstari wa mbele, gauni la buluu. Nimefungua kopo la filamu mbele ya watu. Siki! Imekunjamana, imegandana, imekwisha. Bi Růžena kanishika mkono, kasema, "Usilie, mwanangu, nakumbuka nilivyocheka." Lakini alikuja kuona, si kukumbuka. Kosa ni langu. Najuta mpaka chakula hakipiti.

Jumapili, 9 Agosti
Bi Růžena kaniita kwa kahawa. Kabatini mwake kuna kopo jingine: dakika nne zilizokatwa kwenye filamu ileile, yeye akicheka. Kaniomba nimpelekee Pešek leo hii ainakili, maana joto hili litaiharibu, na macho yake hayasubiri. Nimeapa. Nimelia. Nitampelekea, bila shaka. Ila mwezi ujao klabu ina tamasha, na nikitokea mimi na kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona... Nimeliweka darini. Pešek ana goti bovu, hapandi ngazi.