Kila Mahali ni Nambari Moja

Jumatatu, 19 Januari

Siku kubwa! Mheshimiwa Wayua ameniita ofisini, mimi Mbaluka, Afisa wake wa Mawasiliano, akaniambia kazi yangu iko hatarini. Alisema kwa upole, lakini ndivyo alivyosema. Uchaguzi unakaribia na watu bado wanauliza mbunge wao anafanya nini huko Nairobi. Nilimkumbusha kwamba tuliweka vipaumbele vyake kumi na viwili kwenye Facebook. Akauliza nani alivisoma. Nikasema watu wanne. Akasema mmoja ni yeye na mwingine ni mama yake.

Sasa vipaumbele ni vitatu tu, tena kwa mpangilio. Kwanza maji ya bomba Mulaani. Pili barabara ya Kavuliloni. Tatu bweni la wasichana Kivuthini. Pesa zinatosha kuanza na kimoja, vingine vifuate. Nizunguke vijiji vyote vitatu niseme maneno hayo hayo, bila kuongeza chumvi. Jumamosi anakuja mwenyewe kukutana na watu sokoni Kivuthini. Akikuta nimevuruga, kazi yangu anapewa Kyule.

Kyule! Meneja wa ofisi. Mtu mzima anayefungia sukari ya chai kwa kufuli. Alikuwa mlangoni anatabasamu. Nilimwambia Mheshimiwa kwamba hata nikiamshwa usingizini nitautaja mpangilio bila kukosea. Maji, barabara, bweni. Rahisi kabisa!

Jumanne, 20 Januari

Kavuliloni. Maembe yameoza kila mahali, nzi wamenona. Malori ya kununua maembe kutoka Tawa yanafika kwenye korongo lililokata barabara yanageuza. Watu waliningoja nje ya kanisa. Nikaanza vizuri: kwanza maji Mulaani. Nyuso zikakunjamana. Mama Syombua, kiongozi wa mwethya (wale wanawake wanaosaidiana kulima na kuchimba, leo kwako, kesho kwangu), aliuliza kama Mheshimiwa anataka waendelee kulima maembe ya kulisha nzi.

 Halafu harufu ikanifikia kutoka jikoni kwa mchungaji. Kuku wa kienyeji! Nikaona mama aliyekuwa anapakua anarudisha kifuniko polepole, huku ananiangalia.

Mdomo ukasema wenyewe. Barabara ndiyo nambari moja!

Vigelegele! Kifuniko kikatoka. Nilipewa mapaja yote mawili. Si uongo. Barabara ni kipaumbele, nimeisogeza mbele kidogo tu, na hakuna mtu wa Mulaani aliyekuwepo.

Jumatano, 21 Januari

Asubuhi Kivuthini, mkutano wa wazazi shuleni. Wasichana wanalala darasani, madawati yamesukumwa ukutani. Inasikitisha kweli. Nilisikitika hadi nikawaambia bweni ni nambari moja. Chapati laini sana, na ndengu za nazi! Sijui nazi waliitoa wapi.

Jioni Mulaani. Hapo nilisema ukweli mtupu: maji nambari moja. Mtu asiniambie mimi ni mwongo.

Shida ya Mulaani ni moja. Mama mkwe wangu, Mama Kathini, anakaa huko, na leo alikaa mstari wa mbele. Sisi tumeokoka, mambo mengi ya zamani tumeyaacha. Lakini mama mkwe ni mama mkwe. Nthoni ni nthoni. Mwanamume hamkazii macho mama wa mkewe, wala hawapigi gumzo ana kwa ana. Kwa hiyo nilihutubia tangi tupu lililokuwa pembeni. Nilihutubia vizuri. Hata hivyo nilikimbia kabla ya chakula.

Alhamisi, 22 Januari

Nimekwisha!

Kyule ameingia asubuhi na habari. Wanawake wa mwethya wa vijiji vyote vitatu wametunga nyimbo za kumshukuru Mheshimiwa. Kavuliloni wanaimba kwamba wao ndio wa kwanza, wengine wafuate nyuma. Kivuthini wanaimba kwamba bweni kwanza, hata mbunge amekiri. Mulaani wanaimba maji kwanza, na anayeanzisha wimbo ni mama mkwe wangu. Wote watatu, soko moja, siku moja, mbele ya Mheshimiwa.

Kyule alinishauri niwapigie simu viongozi wao leo leo niwaambie ukweli. Nikamwambia huo ni ushauri wa mtu anayefungia sukari. Nikamwagiza, kwa kuwa ndiye anayepanga ratiba ya Jumamosi, aondoe nyimbo zote. Alicheka hadi akakaa chini. Eti wanawake wameshashona sare, na mwanamke wa mwethya aliyeshona sare haondolewi kwenye ratiba hata na polisi.

Basi, mpango wa pili. Mulaani wakinyamaza, angalau fujo inapungua. Nimemwomba mke wangu Mutanu akaongee na mama yake. Mutanu akasema nilikula kuku peke yangu, basi nikaongee peke yangu. Huyu ndiye niliyemtolea mbuzi!

Ijumaa, 23 Januari

Sitaki kuandika. Naandika.

Nilifika Mulaani saa nne. Mama Kathini akaniona kwa mbali, akaingia nyuma ya ghala la mahindi kama inavyotakiwa. Vizuri. Sasa nikahitaji mtu wa katikati, wa kupeleka neno na kurudisha. Hakukuwa na mtu. Majirani wote walikuwa mtoni kutafuta maji. Uani alibaki punda, na mitungi yake mgongoni.

Ningefanyaje? Nilimwambia punda.

Nilimsalimia kwanza. Nikamweleza kwamba kuna wimbo, kwamba wimbo ni mtamu, lakini wakati wake haujafika. Punda akatikisa sikio.  Kisha kutoka nyuma ya ghala sauti ya mama mkwe ikamuuliza punda ni kwa nini wakati haujafika. Nikamwambia punda ni mambo ya siasa. Mama mkwe akamuuliza punda kama mambo hayo ya siasa yana mabawa na miguu miwili, na kama yaliliwa Kavuliloni.

 Anajua! Nikamwambia punda kwaheri. Mama mkwe akamwambia punda kwamba pale mlangoni kuna kiondo cha kunde, mgeni asirudi mikono mitupu. Nimerudi na kunde. Aibu haijaniacha hadi sasa.

Umebaki mpango mmoja. Jenereta. Kipaza sauti kikizima, wimbo hausikiki. Wimbo usiposikika, mimi nina kazi.

Jumamosi, 24 Januari

Nimepona! Nimepona! Acha niandike polepole.

Alfajiri nilimwaga petroli ya jenereta kwenye mtungi wangu, nikaacha kidogo tu chini. Mheshimiwa akachelewa, alisimama Malili kunywa chai. Alipofika akapanda jukwaani na karatasi. Nikaitambua. Vile vipaumbele kumi na viwili! Ameongeza viwili! Alipofika cha tatu, kitu cha sera ya kitaifa ya jambo fulani, kipaza sauti kikafa. Watu wakapiga makofi kwa furaha. Mheshimiwa akadhani wamekipenda hicho cha tatu.

Nilikuwa bado natabasamu niliposikia ngoma.

Ala! Nimezaliwa Ukambani, nimelelewa Ukambani, halafu nikafikiri mwethya inahitaji kipaza sauti! Wale ni watu wanaoita mbuzi kutoka kilima cha pili. Kavuliloni wakaingia na sare za manjano, Mama Syombua mbele na filimbi. Kabla hawajamaliza, Kivuthini wakaingia na buluu. Halafu Mulaani na kijani. Barabara kwanza! Bweni kwanza! Maji kwanza! Soko zima likatetemeka. Kisha wakaanza kusikilizana. Wimbo mmoja ukanyamaza, wa pili, wa tatu.

Mama Syombua akashika kiuno. Akawauliza wa Mulaani nani amewadanganya. Wa Mulaani wakawauliza wao swali hilo hilo. Kivuthini nao. Mheshimiwa akashuka jukwaani, karatasi ikabaki kitini, akauliza maneno haya yametoka wapi. Mikono yote ikaelekea upande wangu. Nikamwangalia Kyule. Kyule akaangalia mawingu.

Mheshimiwa akanigeukia.  Nikawaza karo ya watoto, nikawaza Mutanu, nikawaza kurudi kulinda shamba la ndengu la baba yangu.

Hapo mama mkwe akasogea mbele. Akanipa mgongo kwa heshima, akasema na Mheshimiwa. Akasema kijana huyo hakutaka ubaya, aliwaogopa tu wanawake, akamwambia kila mmoja anachotaka kusikia. Na mwanamume kuwaogopa wanawake si kosa la kufukuzwa kazi, ni dalili ya malezi. Jana tu alikuja kwake akashindwa kusema, akamweleza punda.

Soko likapasuka kwa kicheko. Mheshimiwa alicheka hadi akafuta machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini pia nilitamani kuishi.

Mama mkwe hakuwa amemaliza. Akamuuliza Mama Syombua mabomba ya Mulaani yataletwa na nini. Mama Syombua akajibu, na lori. Lori litapita wapi? Kavuliloni. Na korongo? Mama Syombua akaanza kucheka kabla hajajibu. Mama mkwe akawageukia Kivuthini, akauliza saruji ya bweni itakorogwa na mate? Basi, akasema, Mulaani wanatoa nafasi ya kwanza. Barabara, halafu maji, halafu bweni.

Huyo ni mama ambaye kila asubuhi anashuka mtoni na punda gizani. Maji yalikuwa yake, Mheshimiwa mwenyewe alishaamua, na akayasogeza nyuma mbele ya watu wote. Sikuweza kumwangalia, desturi hairuhusu. Lakini niliinamisha kichwa.

Halafu wanawake wakaendelea bila sisi. Wamepanga kwamba mwethya zote tatu zitatoka na majembe kujaza korongo. Mheshimiwa alete tu kalavati na udongo wa murram wa kumwaga juu. Pesa zitakazobaki kwa sababu ya mikono yao zianze kununua mabomba. Mheshimiwa akauliza kama wana hakika. Wakamjibu kwa wimbo mpya, wote pamoja, manjano na buluu na kijani.

Baadaye aliniita pembeni. Akasema yeye na wataalamu wake walivunja kichwa miezi mingi, na hawa wamemaliza kabla chai haijapoa. Amenisamehe. Niandike mpangilio huo kama ulivyo, nisiongeze, nisipunguze. Kisha akauliza jenereta ilikuwa na nini. Nikasema petroli siku hizi ni duni sana. Kyule akakohoa. Mtungi aliuona, najua aliuona. Hakunichongea.

Jumapili, 25 Januari

Kanisani niliimba kuliko kwaya. Mchungaji akahubiri juu ya ulimi. Nadhani ilikuwa bahati mbaya.

Nimeandika ule mpangilio kwenye Facebook, mistari mitatu. Watu wamesoma! Wengi! Wengi wao wanauliza habari za punda, lakini wamesoma.

Mama mkwe ametuma salamu kupitia kwa Mutanu. Eti punda anauliza kama nilifika salama. Mutanu alicheka hadi ugali ukaungua. Mimi pia nilicheka, mwishowe. Nina kazi, nina mke, nina kunde. Nimelala mchana usingizi ambao sijalala tangu Jumanne.

Jumatatu, 26 Januari

Kyule amenifungulia kabati. Vijiko viwili vya sukari! Akasema hajawahi kutaka kazi yangu, ina mbio nyingi na viatu vyake ni vipya. Nimefurahi, ingawa nitaendelea kumchunguza.

Mheshimiwa amenipa kazi nyingine. Basi moja la shule limepatikana. Shule tano zinalihitaji. Hajaamua litaenda wapi kwanza, anataka aone ni wapi watoto wanatembea mbali zaidi. Niwaambie walimu wakuu wasubiri tu. Nisiahidi kitu. Alinitazama muda mrefu aliposema hivyo. Nikaapa. Ukweli mtupu, Mheshimiwa. Nimejifunza.

Jumatano, 28 Januari

Nimekaa nikafikiri sana juu ya Jumamosi, na nimegundua kitu ambacho Kyule hawezi kukielewa. Kama ningesema ukweli vijiji vyote, wale wanawake wangekutana? Wasingekutana. Wangetunga nyimbo? Wasingetunga. Wangepatana? Na nani? Kwa hiyo barabara hiyo, maji hayo na bweni hilo vimetokana na nani, ukiangalia vizuri? Sipendi kujisifu.

Nimemweleza Kyule. Amefunga tena sukari.

Leo na jana nimepitia shule nne. Kote nimewaambia, kwa siri kabisa, kwamba basi litaanzia kwao. Wamefurahi sana. Wazazi wanatunga nyimbo, wataziimba siku ya kulipokea, na hapo watapatana wenyewe, kama Jumamosi. Shule ya kwanza walinipa chai na mandazi, ya pili pilau, ya tatu na ya nne kuku.

Kesho ni shule ya tano. Nimesikia huko wamefunga mbuzi.