Kabureta ya Mbele ni Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ametangaza leo baada ya chai: gari la marehemu mumewe litakwenda kwa mkwe atakayelifanya liwake kwa utulivu kama zamani. Mtihani ni Jumamosi saa nne. Kipimo chake ni glasi ya maji juu ya boneti, injini ikiwa inanguruma. Maji yasicheze. Marehemu aliweza, akasema mama mkwe, tena bila kelele za mdomo.

Wakwe ni wawili. Mimi, na mwanyumba wangu, aliyeoa dada wa mke wangu. Mtu wa viatu vyeupe.

Fundi wa mtaani alifungua boneti akatuonyesha kabureta mbili, moja mbele, moja nyuma. Ndizo zinazochanganya petroli na hewa. Alisema lazima zivute hewa sawasawa, la sivyo injini itatetemeka. Papo hapo nikapata wazo. Nilipendekeza kila mtu achukue yake, ili ijulikane nani kafanya nini. Mama mkwe akasema haya, wanangu, liharibuni.

Nimechukua ya mbele, maana ndiyo inayoongoza. Mwanyumba amefurahia ya nyuma, ati ndiyo inayosukuma.

Jumanne, 4 Machi
Fundi ametufundisha kusikiliza. Unaweka ncha moja ya bomba la mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikia hewa ikiingia. Yangu ilivuma kama nyoka mwenye adabu. Nikalegeza skrubu ya kupitisha hewa nusu mzunguko. Ikavuma kama nyoka aliyekanyagwa. Maendeleo.

Mwanyumba alisikiliza ya kwake, akalegeza robo tatu. Nikalegeza tena. Naye tena. Injini ikaanza kupiga kelele, gari likiwa limesimama palepale. Fundi alituomba, waheshimiwa, msikilize zote mbili. Nilimjibu kwamba ile nyingine hainihusu.

Mke wangu ameuliza kwa nini nina duara jeusi sikioni. Nilimwambia ni utafiti.

Jumatano, 5 Machi
Ya mwanyumba inavuma kuliko yangu. Haivumiliki. Nilikwenda kwa mama mkwe mapema, nikamkuta mwanyumba keshafika, anafuta vioo ili aonekane. Nikamwambia anaitwa ndani. Alipoingia nikaikaza skrubu yake kidogo. Kidogo tu, kwa ajili ya haki.

Aliporudi alisema hakuna aliyemwita. Nikasema basi nilisikia vibaya, mpira umeniharibu sikio.

Kisha nikasikiliza ya kwangu. Imekazwa! Mtu mzima, baba wa watoto, anagusa skrubu ya mwenzake kwa siri. Nyani haoni kundule, wahenga walisema. Bila shaka walimjua mwanyumba.

Alhamisi, 6 Machi
Hatua za usalama. Nimepaka rangi ya kucha ya mke wangu juu ya skrubu yangu. Ikiguswa, rangi itapasuka na mwizi atajulikana. Nyekundu, inang'aa vizuri.

Jioni nimekuta skrubu ya nyuma nayo imepakwa. Waridi. Hana hata wazo lake mwenyewe.

Mke wangu amezungumza na dada yake kwenye simu kwa muda mrefu, wakicheka. Niliuliza wanacheka nini. Akasema, mume wangu, lala.

Ijumaa, 7 Machi
Injini inatetemeka kama mgonjwa wa homa. Moshi mweusi umetua kwenye shuka za jirani, naye ametuita majina ambayo sitayaandika. Mwanyumba anasema ya kwake ni safi kabisa, kasoro iko mbele. Mimi nasema ya kwangu ni safi kabisa, kasoro iko nyuma. Fundi amesema kila moja peke yake ni nzuri, ila zikikutana ni balaa. Kisha akatutazama sote wawili. Sikuelewa anachotafuta.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe alitoka saa nne kamili na kikombe cha plastiki chenye maji. Nilimkumbusha kwamba alisema glasi. Akajibu kwamba glasi ya marehemu iko kabatini, na haitoki kwa ajili ya sarakasi.

Injini ikawashwa. Kikombe kilitembea mpaka ukingoni mwa boneti, kikageuka, kikamwagikia viatu vya mwanyumba. Nilihesabu hiyo kuwa alama yangu. Mama mkwe hakuihesabu.

Akauchukua mpira, akauweka sikioni. Kumbe miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akimsikilizia marehemu. Alisikiliza mbele, akasikiliza nyuma, akaanza kuamrisha. Wewe, kaza. Wewe mwenye viatu, legeza. Basi, acha. Nimesema acha, baba! Tuliinama bega kwa bega, rangi za kucha zikapasuka zote mbili. Kelele ikashuka. Boneti ikafungwa, kikombe kikajazwa tena, kikarudishwa. Maji yakatulia tuli.

Nilimpongeza mama mkwe na kuuliza ufunguo niupokee sasa au baada ya chakula. Mwanyumba aliuliza vilevile, sauti yetu ikawa moja. Akautia ufunguo kwenye mkoba. Alisema hakuna mshindi, na breki zimekwisha pia. Tuzitengeneze, kisha atatufikiria. Safari hii, akasisitiza, tushirikiane.

Jumapili, 9 Machi
Nimetafakari. Kosa langu lilikuwa moja: sikuchagua ya nyuma.

Kuhusu breki, mimi na mwanyumba tumeshirikiana kama tulivyoagizwa. Tumekubaliana upesi, bila ugomvi, mara ya kwanza tangu tuoe. Magurudumu ya kulia ni yangu, ya kushoto ni yake. Fundi amesema breki zisiposhika sawa pande zote gari huenda mtaroni, kisha ameuliza nani atakayeliendesha siku ya majaribio. Nikamwambia mshindi.

Tunaanza kesho saa tatu. Za kwangu nitahakikisha zinashika kuliko zake.