Chujio Lililonivunjia Heshima Mbele ya Wakwe

Igogo, Mwanza
12 Juni 1997

Mheshimiwa Shemeji Nathaniel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Buswelu, wewe na nyumba yako yote. Mimi ni mzima, tena mzima kupita kiasi, jambo ambalo ni sehemu ya malalamiko yangu.

Nakuandikia kuhusu lile chujio la maji ulilomletea dada yako Bernadeta baada ya Pasaka: zile ndoo mbili zilizopandana, na ndani yake ile mishumaa miwili myeupe ya udongo inayochuja maji. Najua ulilileta kwa nia njema. Pamoja na hayo, naomba kwa heshima uje ulichukue, kwa sababu zifuatazo.

1. Heshima yangu dukani. Tangu nilipopunguzwa kazi ya ukarani ushirikani, nauza vipuri vya baiskeli. Katika zama hizi za ruksa ya biashara, mtu hapimwi tena kwa cheo bali kwa anachokunywa. Nilikuwa nikiweka chupa ya maji ya dukani mezani, na wateja walioniita "karani" wakaanza kuniita "bosi". Sasa Bernadeta ananiletea maji ya chujio katika kidumu cha njano kilichokuwa cha mafuta ya kula. Wiki iliyopita mteja aliniuliza kama nimeanza kuuza na mafuta ya taa.

2. Afya. Tangu Pasaka hakuna aliyeumwa tumbo nyumbani kwangu. Utasema ni baraka. Lakini tumbo langu, Shemeji, ndilo lililokuwa likinitetea kila Jumamosi ya kuzibua mitaro ya mtaa. Kwa miaka mitatu mwenyekiti alikuwa akinipa pole. Jumamosi iliyopita alinipa beleshi.

3. Posa ya Modesta. Hapa naomba utafute kiti kwanza.

Mwezi uliopita walikuja wazee kutoka Sengerema kumposa binti yetu, wakiongozwa na Mzee Maige, baba wa kijana. Walivuka na kivuko cha asubuhi na kufika kwangu jua likiwa kali, midomo imewakauka. Nikawapangia mezani chupa sita za maji. Kwa kuwa wewe ni ndugu, nitasema ukweli: chupa zilikuwa halali kabisa, nilizikusanya kwa muda mrefu. Maji yalikuwa ya pipa letu la uani. Vifuniko nilivikaza mwenyewe kwa plaizi.

Mzee Maige akainua chupa yake kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama sana, akaniuliza, "Mkwe, na huyu mmemlipia?"

Nikatazama. Kiluwiluwi cha mbu kilikuwa kikipanda na kushuka humo ndani bila haraka yoyote. Nikamjibu kwamba chupa imeandikwa maji ya mlimani, na kwamba huko milimani viumbe ni wengi. Wazee wakatazamana. Mmoja akaanza kutafuta kofia yake. Modesta, aliyekuwa amepiga magoti akisalimia, alibaki palepale chini, machozi yakimlengalenga. Shemeji, niliiona posa ya mwanangu ikisimama kuondoka.

Ndipo Bernadeta akaingia na jagi. "Baba zangu," akasema, "haya ndiyo tunayokunywa sisi. Hayo mengine ni ya mume wangu kujionyesha."

Mzee Maige akanywa glasi ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Akafuta mdomo. "Nyumba hii ina mtu mmoja anayesema kweli," akasema. "Inatosha. Tunaoa hapa."

Posa ikakubalika. Lakini tangu siku hiyo habari zote za harusi anaandikiwa Bernadeta. Barua yao ya mwisho ilimalizia hivi: "Utusalimie na baba wa mlimani."

4. Kwa hiyo, iwapo huna nafasi ya kuja, naomba uitishe kikao cha ukoo kiamue nani ni mkuu wa kaya hii kati yangu na chujio. Kikao kisifanyike kwangu, maana wajumbe watapewa maji ya kunywa, na hapo uamuzi utakuwa umeshatoka.

Nisalimie mama, shangazi Suzana na majirani wote wa Buswelu. Hata Antoni aliyekuuzia chujio msalimie, ila salamu zake ziwe fupi.

Ni mimi shemeji yako, mwenye kiu ya haki,

Revocatus Luhaga

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha amefika mjumbe wa Mzee Maige. Wanaomba chujio liwe miongoni mwa vitu atakavyoondoka navyo bibi harusi, na mjumbe yuko tayari kulibeba leo hii hadi kivukoni. Nimemwambia Modesta atachukua kabati, kitanda, hata baiskeli yangu. Chujio haliendi popote. Kila Alhamisi naliosha mwenyewe, kwa sababu dada yako anaisugua ile mishumaa kwa nguvu mno.