Baiskeli za Mtoni na Nyumba ya Ishirini na Moja

Mtoni, Njia ya Kilwa,
Dar es Salaam.
5 Januari 1957

Bwana Mhariri,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini hujambo wewe na wapiga chapa wako. Mimi ni Anselmo Kasimiri, mchonga mbao, nafanya kazi Chang'ombe. Si mtu wa kelele, lakini jambo hili limenifika kooni. Naomba nafasi gazetini, hata kama ni chini ya matangazo ya sabuni. Mwandiko wangu ni mbaya, kwa hiyo nasema, na binti yangu Margareta ananakili kwa wino.

Serikali imetangaza kwamba sisi wa Mtoni tumetajirika mara tatu katika miaka mitano. Karani, Bwana Gozbert, kijana mstaarabu wa Bukoba, alinieleza mwenyewe anavyopima. Hupanga nyumba zetu arobaini na moja, kuanzia yenye mapato madogo hadi yenye makubwa, kisha huchukua ile ya katikati, ya ishirini na moja. Mapato yake ndiyo mapato ya Mtoni. Na kwa kuwa vinywa vyetu haviaminiki, hutazama pia vitu: baiskeli ikionekana ukutani, huongeza shilingi sitini kwa mwezi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwaka 1951 ulivuma uvumi kwamba Gozbert anatafuta watu wa kuongezewa kodi. Mtoni nzima ikafilisika kwa asubuhi moja. Mbuzi walivushwa Kigamboni, vitanda vikapelekwa kwa mashemeji, na watu wazima wakakaa chini wakikohoa. Mimi peke yangu nilisema kweli: mshahara shilingi sabini, na baiskeli yangu hiyo hapo. Nikawa tajiri wa kwanza wa Mtoni. Kodi niliyolipa mwaka ule sitaki kuikumbuka.

2. Mwezi wa Novemba uliopita uvumi ulikuwa mwingine: wenye mapato mazuri watakopeshwa saruji na mabati. Loo, neema ilivyoshuka! Gozbert aliona baiskeli katika nyumba ishirini na sita. Zote nyeusi, zote hazina kengele. Nilipoulizwa nikasema kweli tena: mshahara sabini, na hapa ukutani hakuna baiskeli. Nikaangukia kwenye kundi la maskini bila kupunguziwa hata senti.

3. Nyumba ya ishirini na moja, mara zote mbili, ni ya jirani yangu Mzee Mwinshehe. Mwaka 1951 aliandikiwa shilingi ishirini na nane, sasa themanini na nane. Mzee huyu ana minazi ileile, ila mmoja umepigwa radi. Kwa mwendo huu, miaka kumi na mitano ijayo atapata zaidi ya shilingi elfu mbili kwa mwezi, amshinde Bwana D.C., mkuu wa wilaya yetu. Nashauri Bwana D.C. aanze mapema kumwamkia.

4. Hili ndilo linaloniuma. Margareta amepata nafasi darasa la tano, shule ya bweni ya masista. Ada ni shilingi hamsini, na watoto wa Mtoni walikuwa wakisamehewa nusu. Halmashauri ya shule imesoma tangazo na kuufuta msamaha, kwa kuwa Mtoni sasa ni mtaa wa matajiri. Nina ishirini na tano tu. Shule inafunguliwa tarehe kumi na nne, na asiyelipa, kiti chake anapewa mwingine. Bwana Mhariri, mtoto huyu anasoma hata karatasi za kufungia karanga. Nimwambie nini?

5. Basi naomba tuhesabiwe upya, au Gozbert aishi mwezi mmoja kwa minazi ya Mzee Mwinshehe. Yote yakishindikana, serikali inihamishie mimi hiyo nyumba ya katikati, maana Mtoni inahitaji walau mkweli mmoja wa kupimia.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na Gozbert ukikutana naye. Sina kinyongo naye.

Wako mtiifu,
Anselmo Kasimiri

Nyongeza: Margareta aliweka kalamu chini alipofika kwenye neno kengele. Amenikumbusha, mbele ya mama yake, kwamba baiskeli ile ni yetu. Kwamba siku ile ya Novemba ilikuwa ikipita uani, nyumba hadi nyumba, ikimtangulia Gozbert. Na kwamba niliikodisha shilingi moja kila nyumba, ya Mzee Mwinshehe ikiwamo. Shilingi ishirini na sita nilizificha kwenye kopo la kahawa, za kununulia tairi na kengele. Mama yake alikwenda kulileta kopo. Margareta amechukua ishirini na tano, akaniachia moja ya stempu. Kwa hiyo, Bwana Mhariri, tafadhali usiichapishe barua hii. Nimemwambia asiinakili nyongeza hii, naye anainakili.